Damu ya Vichupa Viwili, Wasindikizaji Watano

Niliondoka Misigiri kwa sababu vidonge vyangu vilikuwa vimechoka. Saratani ya titi ilishafika kwenye mifupa, na kwa miaka miwili vidonge viliibana vizuri tu, hadi picha za mwisho zikaonyesha imeanza kutembea tena. Daktari wa Dodoma akanieleza kwamba uvimbe hudondosha vipande vya vinasaba vyake kwenye damu. Vikisomwa, huenda ikajulikana kidonge kipi kitaushika sasa. Au ikajulikana kwamba hakuna, na dawa kali za saratani za dripu mwili wangu ulishazishindwa. Hilo la mwisho sikumwambia mtu.

Kaka yangu Mkumbo nilimwambia kwa kifupi, "Jumatatu naenda Dodoma, wanahitaji damu." Kosa langu! Huku kwetu hospitali ikihitaji damu, ukoo mzima unaitwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Misigiri, nilikuta watu watano: kaka, wifi na binamu watatu, wote wameoga na kuvaa nguo za sikukuu. Wiki nzima walikuwa wanakula maini na kunywa juisi ya rosela ili damu iongezeke.

"Damu yetu ni moja," kaka alisema akijipiga kifua. "Wewe pumzika, tutatoa sisi."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Singida mjini tulibadili basi, na kuanzia hapo kaka akawatangazia abiria kwamba anakwenda kumwokoa dada yake. Tulipofika Manyoni, mama mmoja alimnunulia karanga kwa ushujaa wake. Mimi mgonjwa sikupewa hata moja.

Dodoma, saa nane mchana, nesi alitoka mlangoni akaita, "Mariamu?" Tukasimama sita.

"Shikamoo mama. Hawa wote ni kina nani?"

"Marahaba. Ni damu," nikamjibu.

Kaka alishapandisha mkono wa shati. "Mwanangu, toa yangu. Huyu anaumwa."

"Baba, yako haina ugonjwa wake, na huo ndio tunaoutafuta."

Akanitoa mkononi damu ya vichupa viwili tu. Kaka akavitazama kwa dharau. "Hiyo tu? Kupe wa ng'ombe wangu anakunywa zaidi!"

Kwa kuwa walikuwa wameshajiandaa, nesi akawapeleka chumba cha wachangiaji. Wanne walitoa, wakarudi na soda na biskuti. Kaka akarudishwa, presha iko juu.

"Wameikataa," aliniambia kwa sauti ya chini, ameshika karatasi ya vidonge vya presha alivyoandikiwa yeye mwenyewe. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, na humo mbavuni ndimo ilimo saratani.

Kesho yake tulirudi nyumbani. Tulipoipita Manyoni, kaka alihamia kiti cha karibu nami. Kisha akaniuliza, "Hiyo damu wasipoona kitu?"

"Huenda nikakosa dawa."

"Na ulitaka kwenda peke yako na jambo hilo?"

"Ndiyo."

"Una roho mbaya, Mariamu," akasema, akalia mle mle ndani ya basi, mbele ya abiria, bila kujifunika uso. Nami nikalia.

Wiki ya nne, nikiwa shambani nang'oa vitunguu, daktari alipiga simu. Kilichobadilika kwenye vinasaba vya uvimbe kimeonekana, na kidonge chake kipo. Nilimpigia kaka kabla sijanawa udongo.

"Kwa hiyo umepona!"

"Hapana, kaka. Ugonjwa huu hauponi. Unatulizwa tu."

"Kwa muda gani?"

"Hakuna anayejua."

"Haya. Sasa najua."

Miaka yote hiyo nilidhani nikinyamaza nawapunguzia ndugu zangu woga. Kumbe waliogopa kila siku, bila kujua waogope nini. Kidonge cha kwanza nimekimeza leo asubuhi, nyumbani kwake. Kaka ndiye aliyenishikia kikombe cha maji.