Jile za Tambwe

Tambwe alipenda kusifiwa, na watu wa bandari ya Kalundu, kando ya ziwa, walimsifu kweli. Katika boti yake ya kwenda Baraka kila abiria alivalishwa jile ya kuokolea, yaani koti la kuelea nalo majini, ya rangi ya machungwa, mpya kabisa. Alizinunua mtandaoni kwa mtu aliyejiita wakala wa kiwanda, na alipoulizwa alijibu, "Hizi ni za Ulaya, si za kuchezea."

Siku mzigo ulipofika nyumbani Nyamianda, mkewe Safi ndiye aliyeufungua. Aligeuzageuza jile moja, akaibonyeza, akakunja uso.

"Baba Ayoubu, hizi haziko kama zenye tuliona mu picha. Jina la kiwanda wamelikosea herufi. Na hakuna penye wameandika inabeba muntu wa kilo ngapi. Muulize huyo muuzaji duka lake iko wapi."

"Weye unajua nini ya boti?" Tambwe alimkata. Hakumwambia kwamba muuzaji alikuwa ameacha kujibu tangu alipolipwa. Bei ilikuwa chini mno, naye aliipenda kiasi cha kutouliza zaidi.

Asubuhi moja akaja bandarini Kankindi, mkulima wa mpunga kutoka Bwegera, akienda kumwona binti yake aliyejifungua huko Baraka. Hakuwahi kupanda boti. Alisimama ukingoni, rozari mkononi, miguu ikikataa.

"Mama, usiogope," Tambwe alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ukivaa hii, hata ukianguka utaelea kama jani."

Akamrushia jile. Mama hakuiwahi. Ikaangukia majini, ikaelea kidogo, ikanywa maji, ikazama taratibu mbele ya abiria wote mpaka rangi yake ikapotea.

Hakuna aliyecheka. Kankindi aliyatazama maji, kisha akamtazama Tambwe.

"Papa, hii njo ingenibeba?"

Tambwe alifikiria kusema kwamba ni hiyo moja tu iliyokuwa mbovu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini akawakumbuka aliowasafirisha tangu mvua zianze, na mtoto wa Anne, jirani yake, ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za jile kifuani na kumwambia alale tu, na mtoto akalala safari nzima.

"Mushuke," alisema, macho chini. "Mushuke wote. Hatuendi. Miye niliambiwa, nikakataa kusikia."

Akachukua kisu, akazipasua zote palepale ili asije mtu akaziokota na kuziuza tena. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro. Kankindi akaenda kutafuta gari la kumfikisha Baraka kwa barabara.

Jioni Tambwe alimweleza Safi kila kitu. Safi hakumsimanga, na hilo lilimuuma zaidi. Kisha Tambwe akaenda kwa Anne. Alimsimulia akiwa wima mlangoni, kofia mkononi. Anne alisikiliza mpaka mwisho, akamvuta mtoto wake karibu.

"Na weye ulimwambia alale tu," alisema.

Jile za pili walizinunua dukani, Safi akichagua, kila moja ikitumbukizwa ziwani kabla ya kulipa. Baadhi ya abiria walirudi. Anne hakurudi. Wakikutana njiani, Tambwe humsalimu wa kwanza, naye huitikia, ila Tambwe hawezi kumtazama usoni.