Mashine ya Kibua Iliyokuwa Udongoni

Kwa miaka minne hifadhidata yetu iliishi chini ya meza yangu, Masisi, mashariki mwa Kongo, ndani ya kompyuta nyeusi niliyoifunika kitenge kuikinga na vumbi. Ilikuwa orodha ya mashine: kila kompyuta tuliyoiweka kwenye vituo vya afya vya Masisi na Walikale, iko wapi, iko kwa nani, na mara ya mwisho ilijibu lini. Kila asubuhi vituo vilituma ishara kwa antena, nami nikinywa chai nikiangalia nani ameamka. Wapita njia waliamini kwamba nafanya kazi ngumu. Sikuwasahihisha.

Mashine ilikuwa na hali tatu: inafanya kazi, iko matengenezoni, imepotea. Ya nne niliiongeza mimi. Vita ilipofika Kibua mara ya kwanza, muuguzi mkuu wa pale, mama wa maneno machache, alifanya wanavyofanya wote wanaokimbia: sufuria na cherehani huzikwa shambani, kisha watu huingia msituni na watoto. Yeye alizika hata kompyuta yetu, ameizungushia turubai, chini ya maharagwe. Waliporudi aliichimbua, akaipangusa, ikawaka. Nilikasirika, kwa sababu kila mwongozo unakataza unyevu. Hasira ilipopoa nikaandika hali mpya, "iko udongoni", na vituo vingine vikaitumia bila kufundishwa.

Kisha mapigano yakasogea hadi vilima vya karibu nasi, wachungaji wakahamisha ng'ombe, maziwa yakawa adimu. Mkuu wangu akapiga simu kutoka ofisi kuu ya Goma: kabla ya Ijumaa hifadhidata yote ihamie kwenye seva ya mbali. Nikamuuliza seva hiyo iko nchi gani. Akasema haijalishi. Niliudhika. Hata anayempeleka mtoto bwenini huambiwa jina la mji.

Wiki tatu kabla ya hapo, mama wa Kibua alikuwa amepanda kilima penye mtandao ili anipigie. "Papa, mashini niko naitia mu udongo," alisema. "Tunaingia mu pori." Nikabadilisha hali yake, na tangu siku ile ikawa kimya. Utaratibu wa Goma niliujua: mashine ikiandikwa imepotea, kituo chake kinafutwa, dawa hazipelekwi tena, na wafanyakazi wake hakuna anayewaulizia. Mradi mashine imeandikwa iko udongoni, hakuna aliyemgusa mama yule.

Siku ya kuhamisha, mwenye nyumba alikuja kuangalia. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na malori mawili, rozari mfukoni mwa shati, na jenereta niliyokuwa naitumia ilikuwa yake.

"Mali inaenda na gari gani?" aliuliza.

"Haina gari, Papa. Inapita ku antena."

"Na kule, nani njo anapokea?"

"Mashini."

"Itatia sinyatire?"

"Hapana."

Akatoka, akarudi na kitabu chake cha bordero, hati za mizigo, kile ambacho madereva wake hawaondoki bila karatasi yake. Alisema hakuna mali itakayotoka katika nyumba yake hivi hivi. Nilitamani kumfukuza, nikakumbuka jenereta. Akaniuliza idadi ya mashine, akaandika: vitu sitini na kimoja. Mpelekaji, mimi. Mpokeaji, Mashini, Ulaya. Nikatia sahihi, naye akanipa nakala.

Kazi ilianza watu walipotoka misa ya asubuhi, ikaisha maharagwe ya mchana yakiwa yamepoa. Seva ikaandika: imekamilika, hakuna kosa. Nikaanza kukunja waya. Mwenye nyumba hakuinuka kitini.

"Hesabu," alisema.

"Imesema imekamilika, Papa."

"Ata shofere yangu anasemaka vile."

Nikahesabu kwa kumridhisha. Sitini. Nikahesabu tena, safari hii kwa kidole, huku yeye akiweka alama kwenye karatasi. Kilichokosekana kilikuwa Kibua. Seva ya mbali ilijua hali tatu tu; mstari wenye ya nne iliuacha njiani bila kusema neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hali ile niliitunga mimi, nikajisifia, na ndiyo iliyomtoa mama yule kwenye orodha.

Nikapiga simu Goma. Mkuu akasema mashine iliyonyamaza wiki tatu imepotea, niandike hivyo. Nikajibu sawa, nikakata simu, nikaandika: iko matengenezoni. Seva ikataka jina la fundi. Nikaandika langu. Ikataka karakana. Nikaandika Kibua, shambani. Ikataka tarehe ya kumaliza, na nafasi tupu haikuikubali, nikaweka mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba akaandika sitini na kimoja upande wa kupokea, akagonga muhuri wa duka lake.

Baada ya siku chache sisi wenyewe tulikimbia, nikafika Bweremana, kando ya ziwa, na kompyuta ndogo mgongoni. Ile nyeusi wapiganaji waliichukua, pamoja na meza. Kitenge walikiacha. Mkuu wangu alikuwa sahihi kuharakisha kuhamisha, jambo ambalo sijamwambia hadi leo.

Kila mwisho wa mwezi seva iliniuliza kwa maandishi mekundu kwa nini matengenezo yamechelewa. Nikasogeza tarehe. Nikaandika kipuri hakijafika. Nikaandika barabara mbovu, ambayo haikuhitaji kutungwa. Mwezi wa tano Goma wakauliza ni ubovu gani usiopona miezi mitano. Nikajibu: unyevu. Kwa kadiri nilivyojua, ilikuwa kweli.

Asubuhi moja nimekaa karibu na wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikafungua orodha. Kibua: imejibu dakika mbili zilizopita. Chai ilinishinda. Hata mwizi anaweza kuwasha kompyuta, nikajiambia, na nikaendelea kujiambia hivyo hadi mchana, simu ilipolia.

"Papa, ni miye wa Kibua. Mashini nilishaitosha mu udongo. Batoni mbili za kuandikia njo zilikufa."

"Na watu, Mama?"

"Wengi tulirudia." Kisha akauliza: "Mulituandika je? Kama tulipotea?"

"Hapana, Mama. Tuliandika muko mu reparasio."

"Kule Goma, kwa dada yangu, walishafanya kilio yangu," alisema. "Manguo zangu walishagawanya. Kumbe kwenu niko tu."

Nililia pale pale, mtu mzima na kitambulisho cha ofisi shingoni, muuza sambaza akijifanya anapanga samaki wake. Nilipoweza kuona tena, nikabadilisha hali: inafanya kazi. Seva ikauliza, kwa yale maandishi yake mekundu, ni fundi gani aliyeitengeneza. Nikafuta jina langu. Nikaandika la mama wa Kibua, lote, pamoja na lile la ubatizo.