Chura Aliyegoma Kula

Mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa mahindi ya njano, Dahabo Wako alikuwa akiuza chai kwenye kibanda chake Bula Pesa, pale Isiolo mjini. Ungemwambia kwamba atapoteza miezi mitano akimchunga chura, angekufukuza na mwiko, tena angekufukuza mbali. Hakuwa mwanamke wa mzaha katika mambo ya wanyama. Alizaliwa Korbesa, akalelewa nyuma ya ng'ombe, akaolewa nyuma ya ng'ombe, na mumewe alipofariki mwaka wa sabini na tatu ni ng'ombe hao waliomtunza yeye na binti yake Mumina, mpaka binti naye akapata boma lake huko Merti.

Sasa ng'ombe hawakuwepo. Kumi na mmoja walikufa kwa ukame, mmoja mmoja, na hao alijua namna ya kuwalilia, kwa sababu ukame ni wa Mungu. Wa kumi na mbili ndiye aliyemvunja. Aliitwa Dimtu, ng'ombe mwekundu wa uzao wa ng'ombe wa mama yake, na alikuwa bado anasimama kwa miguu yake. Dahabo alikuwa amepewa unga wa msaada. Huruma ikamshika, akamlisha Dimtu karibu debe zima la ule unga wa njano, kwa mkono wake mwenyewe, akimbembeleza kwa majina yote mazuri aliyoyajua. Jamani, ng'ombe aliyelala njaa miezi mitatu hawezi kuumudu unga. Tumbo likavimba, na adhuhuri haikufika kabla hajalala ubavu, miguu imekakamaa. Watu wa Korbesa walimpa pole, na wengi wao walikuwa wamefanya kosa lilelile kwa ng'ombe wao. Pole hizo hazikumwingia, akahamia Isiolo kuuza chai.

Alibakiwa na mtamba mmoja tu, mtoto wa Dimtu, aliyekuwa kwa kaka yake Boru upande wa Garbatulla. Boru alimtuma Zachary, dereva wa lori la mizigo aliyependa chai ya Dahabo, amwambie dada yake aje amchukue mtamba wake, kwa maana yeye anafunga boma na atauza wote waliobaki.

"Mwambie amuuze pamoja na wake," Dahabo akasema. "Mkono wangu unaua."

Zachary alikwenda, akarudi baada ya wiki mbili na jibu. "Anasema sasa hivi hakuna mnunuzi, hata wa ngozi. Atangoja mvua ya kwanza. Halafu akasema nikuambie ng'ombe haelemewi na nunduye."

Dahabo alimmiminia chai.

Basi ilikuwa mwezi wa sita alipomkuta yule chura. Alikuwa amenunua mzigo wa kuni za mgunga zilizotoka upande wa Gotu, na alipokuwa akiingiza kipande kati ya mafiga akaona gome limepumua. Akatazama tena. Ndani ya ufa wa gome alijibana chura mdogo wa kijivu, wa wale wakaao mitini, rangi yake ndiyo rangi ya gome lenyewe, na mguu mmoja wa nyuma umechubuliwa na kamba ya mzigo. Kipande kile kilikuwa kimeshashika moto upande wa pili. Dahabo alikivuta, akauzima moto kwa chai ya wateja, na wateja walinung'unika vya kutosha.

Kwa nini alifanya hivyo? Hata yeye hakujua siku ile. Ila moyoni alishaweka sharti, nalo lilikuwa la kijinga, na masharti ya moyo mengi ndivyo yalivyo: huyu akifia mkononi mwangu, basi, mtamba auzwe na sitagusa mnyama tena maisha yangu. Na huyu akiishi, tutaona.

Sasa, kwa Waborana, watu wa Dahabo, mgeni haulizwi habari kabla hajapewa maziwa. Dahabo akanunua kikombe cha maziwa ya ngamia, wakati ambao hata watoto wa mtaa walikuwa wakiyasikia kwa jina tu, akachovya kidole na kumwekea chura mdomoni. Chura akafumba macho. Akajaribu asubuhi, akajaribu jioni. Siku ya tatu jirani yake Kinanu, Mmeru aliyeuza miraa kibanda cha pili, akamkuta katika kazi hiyo, akaweka furushi lake chini ili acheke vizuri.

"Mama Mumina, huyo ni chura. Si mtoto wa kuachishwa ziwa."

"Haya, wewe unayejua, anakula nini?"

"Nzi. Mende. Na anataka maji. Kwetu wamejaa kwenye mashamba ya nduma, wanashinda majini mchana kutwa. Huyu wako amekauka, ndiyo sababu hana hamu."

Maji mwaka ule yalikuwa ya kupangia foleni tangu alfajiri, lakini Dahabo alijaza karai. Wakamtia. Chura akatoka, akapanda nguzo ya kibanda. Wakamtia tena, akatoka tena. Kinanu alileta nzi mzima aliyemkata mabawa, wakafungua kile kinywa kwa ncha ya unyasi, wakamsukumia ndani. Chura akamtoa kwa mkono wake wa mbele, taratibu, vile mtu anavyotoa mfupa wa samaki. Wakaendelea hivyo siku tisa, Mborana na maziwa yake, Mmeru na maji yake, kila mmoja akiwa na uhakika wa kwao. Kidonda cha mguu kikazidi kulainika kwa kuloweshwa.

Siku ya kumi chura akageuka mweupe. Si kijivu cha kupauka, mweupe kabisa, kama chokaa. Alikuwa amekunja miguu yote chini ya tumbo na kujibana kwenye nguzo mahali jua lilipompiga sawasawa. Dahabo alijua rangi hiyo maana yake nini, au alidhani anajua. Akakimbia ndani, akakoroga uji mwepesi wa unga uliokuwepo, akamshika chura kwa mkono wa kushoto, akamfungua kinywa, akaleta kidole cha mkono wa kulia.

Kidole kilikuwa cha njano. Alikiona kabla hakijagusa, akakivuta.

Alikipangusa kwenye nguo. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza, akamtazama chura kama anavyotazamwa ng'ombe. Jicho: halikuzama, lilikuwa angavu. Ngozi: kavu, lakini haikulegea. Akamnusa, kwa sababu mnyama anayekufa hunuka mapema, na huyu hakunuka kitu ila vumbi. Koo lilikuwa likipiga, polepole mno, lakini kwa mpango. Dahabo alikuwa amezika wanyama wengi, na huyu hakuwa anakufa. Huyu alikuwa amefunga mlango wake kutoka ndani. Akamrudisha juu ya nguzo, akamwaga maji ya karai kwenye sufuria ya chai.

"Umemchoka?" Kinanu akauliza.

"Nimemwacha."

Kumwacha kulikuwa kazi nzito kuliko kumlisha. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Jua la Isiolo lilichoma mabati mpaka yakalia, mbuzi wakajificha chini ya malori, na yule kiumbe mwenye ngozi nyembamba kuliko karatasi alikaa palepale juani, mweupe, hali wala hanywi. Kidonda kilikauka kikafunga chenyewe. Mara nyingi mkono wa Dahabo ulimwasha, akaushika kwa mkono mwingine. Kila asubuhi baada ya sala alisimama mbele ya nguzo na kuhesabu mapigo ya lile koo, na kila asubuhi alipoyaona alihisi hofu, ile hofu ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu. Kinanu aliacha kucheka mwezi wa tisa. Alikuja naye akasimama, akanong'ona, "Huyu anaishi kwa kitu gani hasa?" Dahabo akasema hajui, na kusema hajui kulimpendeza.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja, saa tisa mchana, bila kubisha hodi. Mji mzima ulitoka nje. Dahabo peke yake aliingia kibandani, akasimama mbele ya nguzo. Weupe ulianza kumtoka chura mgongoni, taratibu, kijivu kikarudi, kisha kahawia. Akanyoosha mguu mmoja. Akateremka mpaka paliporowana, akajilaza kifudifudi, akawa anayanywa maji kwa tumbo. Dahabo aliona kwa macho yake tumbo likijaa. Na kumbikumbi walipoanza kuruka, chura akafumbua kinywa alichokifunga miezi mitano. Mmoja. Wa pili. Akala saba. Dahabo alijikuta amekaa kwenye tope na nguo yake ya heshima, machozi yanamtoka, anasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Kulipokucha chura hakuwepo.

Siku ya nne alikwenda asubuhi kuteka maji kwenye dimbwi lililojaa nyuma ya mtaa. Alikuwa amejitwika debe lililojaa alipoona tawi la mgunga lililoinama juu ya maji lina kitu cheupe kinachoning'inia, kikubwa kama ngumi mbili. Akasogea. Ni vyura, watano au sita, wamepandiana, wanapiga kwa miguu ya nyuma, wanapiga bila kupumzika, na povu linafura chini yao, na ndani ya povu mayai. Hawakushuka majini kuzaa. Walijitengenezea maji yao juu, hewani. Dahabo alitafuta wa kwake, lakini wote walikuwa wamefunikwa na povu, hakumtambua. Alisimama pale mpaka debe likamwelemea kichwani.

Lori la Zachary lilikuwa likipakiwa mbele ya kibanda aliporudi.

"Naelekea Garbatulla," Zachary akasema. "Mvua imenyesha, kaka yako atauza wiki hii. Nimpe neno gani?"

"Nipe nafasi mbele. Naenda kumchukua mtamba wangu."

Zachary alimtazama. "Mama, yule ni mifupa tu, hasimami. Na nyasi hazijaota. Utampa nini?"

Dahabo alifunga kibanda, akafuta mikono kwa upande wa nguo yake, wa kulia na wa kushoto.

"Sitampa kitu," akasema. "Nitakaa naye mpaka nyasi ziote, ale mwenyewe."