Ngozi Nyekundu ya Kiti cha Nyuma

Siku hiyo tulikuwa wanne ghalani: mjane mwenye gari, makanika aliyekuja naye kutoka Nakuru, dada yangu mdogo, na mimi.

Gari lilikuwa la kifahari, la Kiingereza, refu, lenye mbao zilizong'arishwa mbele ya dereva. Mzungu mwenye shamba alimuuzia mume wa mjane alipokuwa akihama Njoro. Baba yangu ndiye aliyekuwa dereva wao. Mume huyo alipofariki, mjane aliomba likae kwetu, ghalani, mpaka apate uwezo wa kulitengeneza. Kisha wazazi wetu wakafariki. Niliacha shule darasa la saba nilee wadogo wangu wawili, na gari likabaki mikononi mwangu.

Makanika aliipenda injini. Alisema kutu ni ya juu juu tu. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Mathe, panya wa hapa wanatumia kisu?" akamuuliza mjane.

Ngozi nyekundu ya kiti ilikuwa imekatwa kwa mistari iliyonyooka. Dada yangu akatazama chini. Mjane akanigeukia. Ghala halikuwa na kufuli. Ningesema ni wezi, angeniamini.

"Ni mimi, mama. Niliwatengenezea wadogo wangu viatu vya shule. Nikavipaka rangi nyeusi."

"Mvua ikinyesha, wekundu ulikuwa unatokea," dada yangu akadakia. "Darasani waliniita bata, eti miguu myekundu."

Makanika akacheka. Mjane hakucheka.

"Mzee wangu hakuniruhusu hata kula ndizi kwa hicho kiti. Na wewe ukakipeleka matopeni."

"Nitalipa, mama."

"Pesa yako sitaki. Si wewe ni fundi wa viti huko mjini? Kishone vile kilikuwa. Wewe mwenyewe."

Sikumwambia kwamba kushona ngozi nilijifunzia pale pale, kwenye kiti chake.

Gari lilivutwa hadi gereji ya makanika, Nakuru. Sasa injini inanguruma na rangi imerudi. Mimi hushona Jumapili, nikitoka kanisani. Egemeo nimelimaliza, baada ya kulifumua mara mbili kwa sababu mshono ulipinda. Mjane hupita kuangalia, huusugua mshono kwa kidole gumba, kisha huenda kuketi kiti cha mbele. Ngozi ya wekundu ule ni vigumu kuipata. Sehemu ya kukalia bado iko wazi, sponji nje.