Watu Aliowaua Mama Jikoni

Mwaka jana nilirudi Bariadi kwa msiba wa shangazi, na tukiwa njiani kwenda makaburini tulipita kwenye josho la zamani la ng'ombe. Halina dawa tena. Ukuta umebomoka, mbuzi wamelala ndani kwenye kivuli, na mtu kaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juu ya saruji ambayo sisi tulikatazwa hata kuigusa. Nikamwomba dereva asimame kidogo. Akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamwambia hapana. Wewe lakini nitakueleza, maana nimekaa na habari hii muda mrefu, na wote iliyowahusu wameshaondoka.

Mama yangu alikuwa anaandika riwaya za upelelezi. Najua unatabasamu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwanamke wa kijijini kwetu alitegemewa kulima pamba, kuzaa na kuimba kwenye mapokezi ya wageni wa serikali. Mama alifanya hayo yote, na katikati aliua watu. Baba alikuwa karani wa kupima pamba kwenye gulio. Akirudi jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa manyoya ya pamba, na kwapani ana karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja. Mama aliandika upande wa pili. Aliandika huku mdogo wetu wa mwisho kafungwa mgongoni, aliandika akisubiri maji ya ugali yachemke, na yakichemka penseli aliichomeka kwenye nywele akashika mwiko. Wakati wa kula alituuliza, kwa sauti ile ile ya kumwomba mtu chumvi, "Hivi mtu akitaka kumuua bwana shamba bila kelele, afanyeje?" Sisi watoto tulikuwa tumezoea. Tulimpa mawazo mazuri sana.

Kitabu chake cha kwanza kilikwisha kuchapwa Dar es Salaam, chembamba, chenye picha ya bastola kwenye jalada. Kilitoka kwa jina la mwanamume. Mchapishaji alidai wasomaji hawatamwamini mwanamke kwenye mambo ya bastola. Kwa hiyo kijijini hakuna aliyejua, na mama mwenyewe hakusema, maana nani angemwamini?

Nyumba ya mtu kama huyo si ya kuibia nyama kwenye chungu. Mama alituita mmoja mmoja, akatunusa vidole, akauliza nani alimwona nani mara ya mwisho. Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kushuku. Mpaka leo mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, najiuliza kafanya nini.

Hata hivyo, bingwa wa kushuku alikuwa bibi, mama yake baba. Bibi alimshuku mwenye duka kwamba analowesha sukari, alimshuku bwana shamba kwamba hajawahi kushika jembe, na alimshuku kuku wake kwamba anataga kwa watu. Zaidi ya wote alimshuku mama, ambaye alitokea Sola, na kwa bibi Sola ilikuwa ng'ambo. "Mwanamke anayeandika kila siku, anamwandikia nani?" alimuuliza baba, mama akiwa pale pale anapepeta mtama. Baba alicheka. Si kila mara alicheka.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimejaa macho. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu tukapangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, na jirani yako hukumchagua. Watu walianza kukaa karibu kabla hawajajuana. Jirani yetu sisi alikuwa mzee aliyetokea upande wa Mwandoya, hana mke, hana ndugu, na ng'ombe wake wote walikufa kwa ukame. Jioni mifugo ikirudi alisimama kando ya njia, kofia mkononi, akiwatazama ng'ombe wa watu mpaka wa mwisho aingie zizini. Kisha aliingia ndani kwake. Nilimwogopa bila sababu, na sasa naona alikuwa na huzuni tu.

Msimu ule wa kuchuma pamba mama alikuwa na kitabu kipya, na mchapishaji alikuwa anakisubiri. Kilihusu ng'ombe wanaoibwa mchana kweupe siku ya josho, wakati mifugo ya watu wengi inapochanganyika na kila mtu yuko na haraka. Mama hakuwahi kuchunga, kwa hiyo aliuliza. Aliwauliza wanawake kisimani, aliwauliza vijana wachungaji: ng'ombe wakichanganyika joshoni, mtu hawezi kuondoka na wa mwenzake asionekane?

Basi siku moja ya josho ng'ombe watatu wa tajiri mmoja wa kijiji hawakurudi zizini. Ukapigwa mwano, lile yowe linalomtoa kila mwanamume nyumbani na upinde wake, wakakimbia huku na huku mpaka giza likaingia. Hawakuona hata kwato. Kesho yake, pale kisimani, mtu mmoja akakumbuka maswali ya mama. Kufikia mchana kila mtu alikuwa ameyakumbuka.

Sungusungu ndio kwanza walikuwa wameanza, na kijiji kiliwaogopa kuliko polisi, kwa sababu walikuwa na adhabu ya kutenga. Aliyetengwa hasalimiwi. Haombi moto kwa jirani, hachoti maji wenzake wanapochota, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Wanawe nao ni hivyo hivyo. Mama aliitwa barazani, kwenye uwanja wa shule, na sisi wote tulikwenda. Nilikuwa nimemshika bibi mkono, na ule mkono ulikuwa wa baridi.

Mkuu wa sungusungu, tuliyemwita ntemi, alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Mayu," alianza, kwa neno letu la kumwita mama, "siku ya josho ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na mtoto wangu huyu."

"Anayenyonya si shahidi, mayu. Na yale maswali yako ya joshoni yalikuwa ya nini?"

Mama akasema ni ya kitabu. Watu wakacheka vibaya. Ndipo akatoa karatasi zake kwenye kanga akaanza kusoma. Mwanzoni waliguna, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kubishana. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba mwizi hawezi kuwa mchungaji, mchungaji ni mjinga mno. Vijana wa pinde walisogea mbele. Nilimwona mama anavyonyooka mgongo, sauti inapanda, na nilijua ameshapona. Moyo wangu ulitulia kabisa.

Akafika pale mwizi anapoonekana kwa mara ya kwanza. Ni mtu anayesimama kando ya njia jioni, kofia mkononi, akiwatazama ng'ombe wa watu mpaka wa mwisho aingie zizini.

Uwanja mzima uligeuza shingo. Yule mzee jirani yetu alikuwa amekaa nyuma peke yake, na kofia yake ilikuwa mkononi. Aliitazama, akaiweka chini polepole.

Mama aliacha kusoma. Angeweza kuendelea. Hakuna aliyekuwa anamwangalia tena yeye, na tajiri mwenye ng'ombe alikuwa amekwisha kusimama. "Huyo siye," mama alisema. "Huyo wa kitabu nimemtunga mimi. Huyu mzee hakufika joshoni. Siku ile alikuwa jikoni kwangu tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi, ananieleza habari za ng'ombe, mimi naandika."

Nadhani hata watoto tulielewa kwa nini hakulisema hilo tangu mwanzo. Baba alikuwa amesimama na makarani wenzake. Aliinamisha kichwa, akawa anachimba chini kwa kidole cha kiatu.

"Wawili peke yenu?" ntemi aliuliza.

Kabla mama hajafungua mdomo, mkono wa bibi ulichomoka mkononi mwangu. "Peke yao vipi?" alisema, na sauti yake ilifika mpaka madarasani. "Na mimi je? Mimi si mtu? Nilikuwa pale pale namenya viazi vya michembe, masikio yangu yamechoka kwa habari za ng'ombe wa Mwandoya waliokwisha kufa. Nani ananiita mwongo? Asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Mama alimtazama bibi kama mtu aliyeitwa kwa jina na mgeni. Mimi nilitazama vidole vyangu, bado vina mikwaruzo ya vikonyo vya pamba, kwa sababu siku ile ya josho nilishinda shambani nachuma pamba. Nilichuma na bibi, mstari mmoja, tangu umande haujakauka mpaka jua linazama.

Njiani kurudi nyumbani bibi alinisogelea. "Ile pamba tulichuma siku nyingine," alisema bila kunitazama. Nikasema ndiyo, bibi.

Baadaye wale ng'ombe walirudishwa na mtu wa kijiji cha jirani, kaona aibu mpaka jasho linamtoka. Wanawe waliwaswaga pamoja na wa kwao kutoka joshoni, wakaogopa kusema. Haukuwepo wizi wowote. Mama alimwondoa mtu wa kofia, akaandika upya kitabu chote huku mtoto anaota meno, na kikachapwa. Yule mzee aliendelea kuja kwetu, ila tangu siku ile kila alipokaa jikoni, bibi alibeba kigoda chake akaketi katikati yao.

Wote hao hawapo sasa. Mahali pa mistari ile ya nyumba zetu pamekuwa mji wenye maduka na nyumba za wageni, na walionihudumia chai nilipokwenda msibani hawakujua nilizaliwa hapo. Nawakumbuka sana watu wangu, hasa yule mwanamke mkali ambaye hakuwahi kumwamini mtu. Nilipokuwa mkubwa, yeye akiwa kitandani hawezi tena kuinuka, nilimuuliza kama kweli siku ile barazani alimwamini mama.

"Nani? Yule?" alisema. "Mpaka leo namshuku. Lakini kumshuku mke wa mwanangu ni kazi yangu mimi, si kazi ya kijiji." Kisha akaniomba nimgeuzie mto.