Sichana Jecha na Nyumba ya Pili

Walimu wenzangu wameniomba niandike habari za Sichana Jecha, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Watu wa ukoo wetu wakisoma haya watasema nimejivua nguo hadharani. Na waseme. Nimelilinda jina la nyumba ya marehemu mume wangu, Mmanga bin Gharib, tangu nilipoingia humo bibi arusi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, nyumba zetu za kupangisha zilipochukuliwa, jina ndilo lililobaki. Lakini siwezi kumwandika Sichana nikajiacha mimi.

Alizaliwa Jang'ombe. Baba yake, Mzee Jecha, alikuwa hamali wa gari la mkono bandarini. Nilimsomesha darasa la tano: mtoto mwembamba mwenye sauti nene. Siku moja niliwaambia watoto kwamba mtende hauzai hapa Unguja. Kesho yake Sichana akaniletea tende tatu mbichi ndani ya karatasi, kaziokota uani kwa Mhindi mmoja wa Vikokotoni. Darasa zima likanitazama. Sikumsifu. Nilimwambia akae kitako.

Mwaka wa sabini na moja alikuwa anaingia mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na binti yangu Mwanakheir ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa kwanza. Likizo ya masika Sichana alirudi na barua ya chuo yenye muhuri, akaionyesha kwa mwenyekiti wa tawi la chama, kisha akaja kwangu. Mwalimu wao alikuwa amemtaka awavute wanafunzi wapya kwenye utafiti, nao hawataki. Wanaona utafiti ni kazi ya Wazungu na wazee. Sichana alichagua udugu wa kunyonya. Kwetu, mtoto aliyenyonyeshwa akashiba na mwanamke asiyemzaa huwa mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake, hawaoani. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yalikuwa vifuani mwa bibi vizee.

Mwanakheir na wenzake wawili walikaa ukumbini kwangu, Sichana mbele yao juu ya mkeka.

"Mie naogopa, Da Sichana," Mwanakheir alisema. "Ntamwuliza vipi bibi wa watu nani kanyonya ziwa lake?"

"Kwani chuoni unasoma nini?"

"Historia ya Afrika."

"Na bibi wa Jang'ombe wa wapi? Wa Bombei?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kisha akawafundisha. Ukikaribishwa uji, kunywa. Daftari litoke baada ya uji. Usimtie mtu maneno mdomoni. Na neno la mtu mmoja halitoshi: bibi akisema amemnyonyesha mtoto wa nyumba fulani, utakwenda nyumba hiyo ya pili uulize. Ikikubali, andika imethibitika. Ikikana, andika imekana. "Hatuna kiapo, hatuna askari," alisema. "Tuna masikio tu."

Akajifanya bibi kiziwi, akawaamrisha wamhoji mmoja mmoja. Zamu ya Mwanakheir ilipofika alimjibu kila swali kwa kumwuliza ataolewa lini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikicheka peke yangu. Nilifurahi. Nilikwisha kuona jina la binti yangu limepigwa chapa katika kitabu cha chuo, na ukoo mzima unalisoma.

Wiki ya pili Mwanakheir alirudi kutoka Jang'ombe amelowa mvua, uso unamwaka.

"Mama, nimepata! Wangu wa kwanza. Bibi mwenyewe kanambia mengi hata daftari limejaa. Tena kanivisha hii, kanambia, 'We mjukuu wangu.'"

Ilikuwa bangili nyembamba ya fedha.

"Bibi gani?" niliuliza.

"Hatusemi mpaka nyumba ya pili iulizwe. Da Sichana kakataza."

Hakuwa na haja ya kusema. Bangili ile niliijua. Mmanga aliinunua kwa sonara wa Mkunazini. Nikaiona mfukoni mwake nikadhani yangu, mpaka Idd ikapita. Nilipomwuliza hakunificha. "Ya Mama Biasha," alisema. Mama mkwe wangu aliugua alipomzaa, maziwa yakakatika. Biasha, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile, alikuwa na mtoto mchanga. Akamchukua na Mmanga, akawalea wote wawili, huyu ziwa hili na huyu ziwa hili, mpaka wakatembea. Mama mkwe, hadi anakufa, aliwaambia wageni kuwa katika nyumba yake hakuna aliyenyonya nje. Kila Idd Mmanga alikwenda Jang'ombe peke yake kumbusu mkono. Alipofariki mwaka wa sitini na sita, Bi Biasha alikuja matangani, nikaona wanamweka jikoni pamoja na wapishi. Nikanyamaza.

Siku mbili baadaye Sichana alikuja. Mtoto hamhoji mama yake, kwa hiyo alikuja yeye. Mwanakheir alikuwa chumbani, mlango umerudishwa nusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Leo nimekuja kikazi. Kama hutaki kujibu ntaandika hukujibu, na si aibu." Akafungua daftari. "Kuna bibi, Bi Biasha, anauza bajia kwetu Jang'ombe. Anasema alimnyonyesha marehemu Mzee Mmanga. Nyumba hii inasemaje?"

Nilikuwa na njia mbili za kweli: kukubali, au kunyamaza. Nilimfikiria wifi yangu, na wanawake wa mtaa wetu, na kitabu kilichopigwa chapa.

"Nyumba hii haina aliyenyonya nje," nilisema. Yalikuwa maneno ya mama mkwe wangu, neno kwa neno.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nlikusomesha mie, Sichana. Leo unaniuliza kama nna hakika?"

"Ulinisomesha. Ndiyo maana nnakuuliza mara mbili."

"Nna hakika."

Aliandika, akanisomea: nyumba ya pili imekana. Akaniomba nitie saini. Nikatia, kwa hati yangu nzuri ambayo wakaguzi wa elimu waliisifu.

Mwanakheir alitoka chumbani anaivua bangili. Hakuniuliza kitu, mimi ni mama yake, na mimi ni mwalimu. Alivaa buibui akaenda Jang'ombe. Aliporudi alikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Kasema nini?"

"Kaipokea, kanambia, 'Haya, mwanangu. Mama yako ndiye mwenye nyumba.' Halafu kanifungia bajia." Akaziweka mezani. "Bibi mtu mzima, ananidanganya, tena anazidi kunipa vitu. Sasa nimwamini nani? Siendi tena kuuliza watu."

Sichana alimfuata mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwepo.

"Imekana si kusema kaongopa, Mwanakheir," alimwambia. "Watu wawili wamesema mawili. Kazi yetu inaishia hapo. Njoo tuendelee."

"Mama yangu hasemi uongo."

Sichana alinitazama, kidogo tu, akainama kufunga daftari lake. Nilijua kwamba anajua. Hakunishtaki, wala hakubadilisha alichokiandika. Mwanakheir alirudi chuoni akachukua somo jingine.

Bi Biasha alikufa mwezi wa Shaaban, mwaka wa sabini na mbili. Nilikwenda matangani, nikakaa karibu na mlango. Mwanamke mmoja mgeni akauliza apewe pole nani. Akaambiwa: hana mtu, watoto wake walimtangulia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Mke wa mwanawe, mimi, nilikuwa nimekaa pale, na mjukuu wake alikuwa hai, anasoma Dar es Salaam, na mimi nikamaliza kahawa yangu.

Wiki ile ile nilipanda basi la shamba hadi Makunduchi, ambako Sichana alikuwa ameanza kusomesha. Nilimkuta anasahihisha madaftari.

"Mwalimu! Umekuja mbali hivi?"

Nilimweleza yote, tangu sonara hadi kahawa. Alisikiliza. Kisha akatoa karatasi mpya, akaniambia niseme tena polepole, naye akaandika. Alipofika mwisho akauliza, kwa sauti ile ile ya kazi:

"Bi Biasha aliambiwa?"

"Hakuambiwa."

Akaandika hakuambiwa.

"Mwanakheir je?"

"Bado."

Akaweka kalamu chini. "La Bi Biasha siwezi kulitengeneza mie, wala wewe. La Mwanakheir si kazi yangu, Mwalimu. Mie sikuwahi kuwa na mwanafunzi mwenye sikio kama lake. Nlimpoteza nyumbani kwako."

Huyo ndiye Sichana Jecha. Hadi leo hutumia likizo zake kuwakusanya vijana wa mwaka wa kwanza na kuwatuma mitaani. Wengine wamekuwa watu wa maana. Hajapata cheo, na sijamsikia akikiulizia.

Mwanakheir nilimwambia likizo iliyofuata, tukiwa tunakula.

"Siku nliyokuja na bangili, ulikuwa unajua?"

"Nlijua."

Akanawa mikono. Asubuhi alikwenda Makunduchi, akarudi na daftari lake la zamani, ambalo Sichana alikuwa amemwekea, na kazi akaianza upya. Sasa naye anawavuta wengine. Hajanivunjia heshima. Hunipikia, hunipeleka kwa daktari, huniamkia kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. Zamani alikuwa haniachi nipumzike kwa kutaka habari za baba yake: alikuwa akicheka vipi, alipenda chakula gani. Tangu siku ile hajaniuliza hata moja.