Safari ya Nahodha na Vidole Vyangu

Asubuhi ile mke wangu alinipaka mafuta vidole, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu. Chai ilikuwa mezani. Alikuwa amevaa kandambili zangu kwa sababu zake zilikuwa zimelowa. Ilikuwa Jumanne. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa kinaisha Ijumaa.

"Nimeshaamua," aliniambia. "Ngoja nikanunue sabuni, nikirudi tuongee."

Nilimwambia sabuni ipo. Akasema hiyo ni ya kuogea, si ya kufulia, na mwanamume ataijulia wapi. Akatoka. Alianguka mbele ya duka. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Alilala hospitali siku mbili, akafa bila kufumbua macho.

Alichoamua sikijui.

Kazini mke wangu walimwita Nahodha. Lilikuwa jina la utani, likamganda. Alifanya kazi kwenye bwawa la maji ya mji miaka thelathini na moja. Kila asubuhi alipanda mashua ndogo ya bati, akapiga makasia hadi katikati, penye nguzo ya namba, akasoma maji yamefika wapi, akaandika, akarudi. Kazi ya nusu saa. Yeye aliifanya kwa saa moja na nusu. Bosi akimuuliza, anajibu, "Upepo, mkuu." Hata siku ambayo jani halitikisiki, upepo.

Mimi ni mwashi. Maji ninayoyajua ni ya kuchanganyia saruji. Alinipandisha mashuani mara moja tu. Nilishika kingo zote mbili, nikafumba macho, akacheka hadi kasia likamponyoka.

Alipostaafu, mashua ikafungwa mnyororo. Walisema asiye mfanyakazi haruhusiwi majini. Jumamosi alikuwa akienda kuitazama kupitia uzio. Akirudi anachukua beseni. Anafua tu, hata nguo safi.

Ndipo mdogo wake wa kiume akapiga simu. Anaishi ng'ambo, miaka mingi sasa. Nyumba yake iko ukingoni mwa mto, ana chumba kimekaa bure, na mashua ya mbao.

"Njooni mzeekee huku," alisema. "Shemeji, watu wa huku wanafunga mashua mlangoni kama baiskeli."

"Na baridi?" nikauliza.

"Baridi ipo. Lakini wewe na kitambi hicho, itaanzia wapi kukuingia?"

Mke wangu akaninyang'anya simu. Mto una upana gani? Maji yanakwenda kasi? Mashua ina injini? Mdogo wake akasema haina, ila injini inanunulika.

"Sitaki injini," akasema. "Injini ni ya mtu anayewahi kitu."

Tulipima wiki nyingi. Wajukuu tutawaona lini. Tukifa huko tutazikwa na nani. Tutaongea nini na watu dukani, tutanyoosha vidole tu? Kila alipokaribia kusema hapana, alikwenda kusimama mbele ya kabati, alipobandika picha ya ile mashua ya mbao, aliyotumiwa na mdogo wake. Mwisho akasema, "Tujaribu. Tukishindwa tutarudi, kwani tunakwenda jela?"

Ofisi ya vibali ilikuwa na kioo kidogo cha kijani. Unaweka vidole, mashine inasoma mistari yake. Vya mke wangu vilisomwa mara moja. Vyangu kioo kilikataa. Karani alinifuta kwa kitambaa, akanikandamiza yeye mwenyewe. Hamna kitu. Saruji ya miaka arobaini imekula mistari yote.

"Mzee, una hakika vidole hivi ni vyako?" karani akatania.

"Ni vyake," mke wangu akasema. "Vinakula kwangu kila siku."

Karani alicheka, lakini hakuweza kitu. Alisema nisiguse saruji miezi mitatu, nipake mafuta, huenda mistari ikarudi. Mke wangu apewe kibali chake, awe ameondoka ndani ya miezi minne. Changu kisubiri.

Nikakaa. Maisha yangu yote sikuwahi kukaa. Nilizunguka nyumba nikiona nyufa na kuzipita. Mwezi wa tatu wa kukaa hivyo, ukuta wa bafu la jirani yetu ukaanguka. Ni mwanamke mjane, anaishi peke yake. Alinijia wakati mke wangu ametoka.

"Fundi, mimi naoga wapi? Nimetundika shuka, upepo unaifunua, mtaa mzima unaniona."

Nilikwenda siku mbili. Nilijiambia nitashika mwiko wa kupakia tu, saruji yenyewe nisiiguse. Waashi wanajua, mwiko hautoshi. Pembe zinataka kidole. Nilipomaliza nikanawa sana, nikaingia nyumbani kama mwizi.

Tuliporudi ofisini, mkono wa kushoto vidole viwili vilisomeka. Wa kulia, hata kimoja.

"Mzee, ulipumzika kweli?"

Niliingiza mikono mfukoni.

"Alipumzika," mke wangu akajibu. "Nilikuwa naye."

Karani akasema basi, ombi langu limefungwa, nianze upya mwakani. Njiani nilimwambia mke wangu aende peke yake, mimi nitakaa kwa mtoto wetu mkubwa.

"Na huko nikitoka majini nimgombeze nani?" akasema.

Lakini ile picha hakuibandua. Mdogo wake alipiga simu kila jioni, dada anakuja au haji, amtumie tiketi au asitume. Alimjibu, "Bado napima." Na mafuta aliendelea kunipaka vilevile. Sikuthubutu kumuuliza ya nini tena.

Jumapili, siku mbili kabla ya Jumanne ile, nikashindwa kuvumilia. Alikuwa amekaa uani anachambua mchele. Nilimwambia yote, bafu, siku mbili, na kwamba kibali changu nimekiua mwenyewe. Nilitaka anitukane. Nilisimama pale sijui mikono niiweke wapi. Hakuinua macho kwenye ungo. Alisema hivi, siongezi neno wala sipunguzi:

"Nilijua. Yule jirani alikuja kunishukuru siku ileile. Kaa chini, baba, unanizibia mwanga. Ukuta wenyewe umenyooka?"